Kura Zilizozunguka Ng'holongo

Nilikutana na Elieth Ndahani mwaka 1993, katika chuo kimoja cha serikali pale Dodoma, ambako watumishi wa wilayani tulipelekwa kusoma kozi ya mipango. Mimi nilitoka Kondoa, idara ya ushirika. Yeye alitoka Mpwapwa. Alikuwa Bibi Maendeleo, jina ambalo watu wa vijijini walimpa kila mwanamke wa idara ya maendeleo ya jamii, awe msichana aliyetoka chuoni juzi au mama wa watoto wanane. Tulipangiwa chumba kimoja bwenini. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, akaniuliza jina.

"Kuluthumu," nikasema.

"Basi, Kuluthumu, ukiniona nimenyamaza usidhani nimenuna. Nachoka mapema."

Alikuwa amepita miaka arobaini kidogo tu. Lakini kweli alichoka mapema. Jioni wenzetu walipokwenda kutembea mjini, yeye alifua nguo zake mbili, akazianika, akakaa karibu nazo kuzilinda mpaka zikauke, kwa sababu upepo wa Dodoma hauna adabu na mwizi wa nguo za kambani naye hana. Nilizoea kukaa naye. Ndipo akanisimulia habari za Ng'holongo.

Elieth alizaliwa Gulwe, jirani na stesheni, baba yake Mgogo mwenye ng'ombe wachache, mama yake mlezi wa kwaya kanisani. Aliajiriwa enzi za vijiji vya ujamaa. Kazi wakati ule haikuwa ngumu kuielewa: maagizo yanatoka juu, mkutano unaitwa, watu wanasikiliza, wanapiga makofi, wanarudi shambani. Kisha mambo yakageuka. Ruksa ya kufanya biashara ikaingia, maduka yakajaa mitumba na sabuni za kunukia, mishahara ikabaki palepale huku bei zikipanda kila wiki. Wafadhili nao wakaja na neno jipya, ushirikishwaji. Wananchi wasiagizwe tena, wachague wenyewe. Elieth alilipenda neno lile. Aliniambia kuwa kwa mara ya kwanza alihisi anafanya kazi aliyoisomea.

Mwaka 1987 akapelekwa Ng'holongo, kijiji kilichojificha nyuma ya vilima vya Haneti. Shirika moja la wafadhili lilikuwa tayari kukijengea kijiji mradi mmoja, mmoja tu, na wanakijiji wenyewe ndio waseme ni upi. Mapendekezo yalikuwa matatu: kisima cha pampu, zahanati, na josho la kuogeshea ng'ombe.

Ng'holongo ilikuwa na vitongoji vitatu vilivyokaribiana kwa wingi wa watu. Bondeni walikaa wakulima wa mtama na karanga, na wanawake wake walitembea nusu ya asubuhi kufuata maji. Hao walitaka kisima kwanza, zahanati pili, josho mwisho, maana ng'ombe wao walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Mlimani walikaa wafugaji. Ndigana, ile homa ya kupe, ilikuwa imewamalizia ndama, kwa hiyo wao walitaka josho kwanza, kisima pili, na zahanati mwisho, kwa kuwa miezi mingi walikuwa mbali malishoni. Barabarani walikaa wenye vibanda vya biashara, walimu na mafundi. Maji walikuwa nayo, walichimba mchangani mtoni palepale karibu. Walitaka zahanati kwanza, josho pili kwa ajili ya maksai wao, na kisima mwisho, kwa sababu kingechimbwa Bondeni na kwao kisingewafaa kitu.

Mkutano ulifanyika ndani ya ghala la ushirika, lililokuwa limebaki na panya na harufu ya karanga za zamani. Elieth alisimama mbele, pembeni yake karani wa kijiji, kijana wa Barabarani aliyeitwa Charles, wa kuhesabu mikono.

"Tutashindanisha miwili miwili," Elieth akawaambia. "Ni rahisi. Tuanze na kisima na zahanati."

Mikono ikainuka. Bondeni na Mlimani wakaungana, kisima kikashinda. Wanawake wa Bondeni wakapiga vigelegele. Mzee Sostenes, mfugaji wa Mlimani, akainuka na fimbo yake.

"Bado josho," akasema. "Lishindanishwe na hicho kisima."

Wakapiga kura. Safari hii Barabarani wakaungana na Mlimani, josho likashinda. Vigelegele vikahamia upande mwingine. Elieth akataka kufunga mkutano, lakini mwalimu mmoja wa Barabarani akanyoosha mkono. Mbona josho halijashindanishwa na zahanati? Ilikuwa haki yake kuuliza. Wakapiga. Bondeni wakaungana na Barabarani, zahanati ikashinda.

Kisha mama mmoja wa Bondeni aliyeitwa Ruthu akasimama, mtoto mgongoni.

"Bibi Maendeleo, zahanati si tulishaishinda asubuhi?"

Ilikuwa kweli. Zahanati ilishindwa na kisima, kisima kikashindwa na josho, josho likashindwa na zahanati. Wakarudia. Ikawa vilevile. Watu wakaanza kushutumiana kuwa wengine wanainua mikono miwili. Elieth akaamua wapige kura ya siri kwa kokoto, kila mtu atumbukize ndani ya mtungi anaoutaka. Matokeo yakazunguka vilevile. Jua likageuka, watoto wakaanza kulia njaa, wafugaji wakaondoka kwenda kuwapokea ng'ombe wao, na wale wa Barabarani wakasema kura yoyote itakayopigwa sasa ni batili.

Ruthu alimpita mlangoni. "Umetuchosha bure," akamwambia. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana neno lile lilimkaa Elieth moyoni miaka yote.

Mfadhili aliandika kuwa kijiji hakijawa tayari, akaupeleka mradi kwingine. Mkuu wake wa kazi naye aliandika kuwa Ndugu Elieth alishindwa kusimamia mkutano. Akahamishiwa Mpwapwa. Huko aliendelea kufanya kazi vizuri, lakini kila alipotakiwa kuitisha kura alitafuta udhuru. Alimwachia mwenzake, au aliomba wazee wakubaliane kwanza. Aliamini kuwa kuna jambo fulani dogo ambalo Bibi Maendeleo mwingine yeyote angelijua, na yeye hakulijua.

"Mpaka leo sijui nilikosea wapi," aliniambia, akigeuza gauni lake kwenye kamba.

Mwalimu wetu wa uchumi aliitwa Castory. Alikuwa mwembamba, suruali imefungwa kwa mkanda uliomzidi kiuno, na alifundisha akiwa ameegemea ukuta kwa sababu alikuwa anafundisha pia shule mbili za binafsi ili aweze kuishi. Wiki moja akatuambia atatupa historia ya elimu aliyoiita uchumi wa maamuzi ya umma.

"Kwa muda mrefu," alianza, "wachumi walikuwa na imani ya ajabu. Mtu akiwa sokoni anatazama faida yake. Mtu huyohuyo akipewa ofisi ya serikali, ghafla anakuwa malaika, anatazama faida ya wote. Baada ya vita kuu ya pili wakatokea watu wachache wakauliza: huyo malaika tumemwona wapi?"

Darasa likacheka kidogo. Akaendelea. Alisema Wamarekani kadhaa, wengine wakifundisha jimbo la Virginia, walianza kumpima mpiga kura, mwanasiasa na mtumishi wa serikali kwa kipimo kilekile cha muuza nyanya. Wakachunguza jinsi wabunge wanavyobadilishana kura, nipe yako leo kwa barabara yangu, nitakupa yangu kesho kwa bwawa lako. Mmoja wao alipata tuzo kubwa ya uchumi mwaka 1986, na baada ya hapo mawazo yao yakasafiri hadi kwenye ripoti za wakopeshaji, na ripoti zikafika mezani kwa serikali yetu.

"Ndiyo hizo zinazosema serikali ni kubwa mno," akasema. "Ndiyo hizo za kupunguza watumishi."

Hapo kicheko kikakatika. Bwana mmoja wa idara ya kilimo akainuka.

"Kwa hiyo, mwalimu, hao wazungu wanatuita wezi?"

Castory akajikuna shavu. "Hapana. Wanatuita watu. Tena elimu yenyewe inawahusu hata wao, na walioandika ripoti, na mimi hapa ninayewaacha mapema niwahi kipindi shule nyingine. Wanaoitumia kutupiga sisi peke yetu wamesoma nusu."

Hakutetea upande wowote zaidi ya hapo. Nadhani hakuwa na nguvu. Akarudi nyuma kwenye historia, akasema kuwa mizizi ya elimu hii haikuwa kupunguza watu kazi hata kidogo. Mizizi ilikuwa swali dogo kuhusu kura. Mfaransa mmoja, mwanahisabati na mtu wa ukoo wa kikabaila, miaka michache kabla ya mapinduzi ya kwao, aligundua kuwa watu wenye akili timamu, kila mmoja akijua anachokitaka, wanaweza kupiga kura kwa uaminifu na uamuzi wao ukazunguka bila kufika mahali. Kitu cha kwanza kinakishinda cha pili, cha pili kinakishinda cha tatu, na cha tatu kinageuka kukishinda cha kwanza. Mfaransa huyo alifia kizuizini wakati wa mapinduzi na ugunduzi wake ukasahaulika. Mwingereza mmoja akauona tena karne iliyofuata, nao ukasahaulika tena. Halafu Mskoti mmoja, aliyekuwa anafikiria habari za kamati, akaukuta tena katika siku za vita. Mwishowe Mmarekani akathibitisha kwa hesabu kuwa hakuna namna ya kupiga kura isiyo na kasoro ya aina hii au nyingine.

Nilimtazama Elieth. Kalamu yake ilikuwa imesimama juu ya karatasi.

Kipindi kilipokwisha Castory alikuwa ameshika mlango, lakini Elieth akamwita. "Mwalimu, samahani. Hiyo ya kura kuzunguka. Mimi niliiona."

"Uliiona wapi, mama?"

"Haneti."

Castory akatazama saa yake, kisha akarudi akaweka mfuko wake mezani. Elieth akamsimulia yote, vitongoji vitatu, ghala, kokoto. Castory alichukua chaki akachora ubaoni, akiuliza maswali machache: Mlimani walikuwa wangapi takribani, Barabarani walikataa kisima kwa nini. Alipomaliza kuchora akarudi nyuma hatua, akatikisa kichwa.

"Imekaa vilevile kabisa," akasema. "Mama, hukukosea kusimamia. Hata angekuja waziri kusimamia mkutano ule, ungezunguka."

"Kwa hiyo hakukuwa na njia?"

"Njia ilikuwepo, ila si njia nzuri. Ungeanza na josho na zahanati. Zahanati ingeshinda. Ukaishindanisha na kisima, kisima kikashinda, ukafunga mkutano palepale na kuwaombea safari njema. Watu wangepiga vigelegele. Anayepanga nani aanze na nani, huyo ndiye anayechagua. Wengine wanainua mikono tu."

Elieth aliugeukia ubao. "Na hiyo si hila?"

"Elimu hii haijibu hilo," Castory akasema, akafuta chaki mikononi kwa suruali. "Inakuonyesha tu kuwa hata usipopanga kwa makusudi, bado umepanga."

Nilidhani atafurahi. Miaka sita alibeba kosa ambalo halikuwa lake. Lakini bwenini alijilaza akaugeukia ukuta. Baadaye akasema, "Kuluthumu, unajua nini? Wale watu wa Ulaya walilijua tangu zamani. Likasahaulika, likajulikana, likasahaulika. Na mimi nikahamishwa." Kisha akaniomba nimnong'oneze mwenzetu wa chumba cha pili apunguze redio.

Mwaka 1995 wakamrudisha Dodoma Vijijini, wilaya ya Ng'holongo, kwa kuwa watumishi walishapunguzwa na waliobaki waliziba mapengo popote. Mfuko mwingine wa wafadhili ulikuja. Ng'holongo ilikuwa kwenye mpango, mradi mmoja, wananchi wachague. Mapendekezo yalikuwa yaleyale matatu, maana hakuna hata moja lililokuwa limefanyika.

Kabla ya mkutano, mwenyekiti mpya wa kijiji alimfuata Haneti, alikofikia, kwa baiskeli. Alikuwa Charles, yule karani aliyehesabu mikono, sasa ana kitambi kidogo na shati la mikono mirefu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwenyekiti. Karibu."

Charles hakuzunguka. Alisema amefikiria sana ule mkutano wa zamani, na ameona kuwa tatizo lilikuwa utaratibu tu. Akaomba safari hii waanze na kisima na josho, halafu kitakachoshinda kikutane na zahanati, basi, mkutano ufungwe. Elieth akapiga hesabu kichwani: josho litakishinda kisima, zahanati italishinda josho. Charles alikuwa amelifikia peke yake, bila kuketi darasani.

"Kwa nini zahanati, Charles?"

Mwenyekiti akatazama chini. "Mke wangu alijifungulia njiani, tukiwa tunamleta huku Haneti. Mtoto hakuishi. Mama, sitafuti sifa. Nataka tu jengo lenye kitanda."

Elieth aliniambia kuwa Charles angekuwa mtu mlafi ingekuwa rahisi kumfukuza. Na yeye mwenyewe alikuwa amekuja na utaratibu wake tayari, ule wa Castory, wa kukipitisha kisima kwa ajili ya kina Ruthu. Walikuwa wameketi pale watu wawili, kila mmoja na hila yake ya wema. Alimjibu kuwa atafikiri.

Siku ya mkutano ghala la ushirika lilikuwa limekodishwa kwa mnunuzi wa karanga, kwa hiyo walikusanyika darasani shuleni, wengine wakichungulia madirishani. Elieth akawasalimu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," wakaitikia kwa sauti moja. Kisha badala ya kuitisha kura, akachora ubaoni duara tatu, Bondeni, Mlimani, Barabarani, akawaeleza kila kitu. Akawaambia akianza hivi, kisima kitashinda. Akianza hivi, zahanati. Akianza vile, josho. Akasema wazi kuwa yeye binafsi angependa kisima na kuwa angeweza kuwapeleka huko bila wao kugundua.

Charles, aliyekaa mbele, alifunika uso kwa kiganja.

Mzee Sostenes, ambaye sasa alisaidiwa kusimama, akauliza, "Kwa hiyo tukipiga kura, mchaguzi ni wewe?"

"Ndiyo, mzee."

"Basi usiipigishe."

Wakatawanyika bila uamuzi. Elieth alirudi Haneti akiwa na hakika kuwa amewapotezea mradi mara ya pili. Lakini wiki mbili baadaye Ruthu na Sostenes walimfuata pamoja. Walikuwa wamekaa, wakabishana, wakapatana. Mlimani wangeunga mkono kisima, kwa sharti kuwa pembeni lijengwe birika refu la kunyweshea ng'ombe, na Bondeni waachie njia ya mifugo kupita kati ya mashamba yao. Kura ikapigwa, kisima kikapita dhidi ya kila kitu. Ilikuwa ni ile biashara ya kura aliyotuambia Castory, ya barabara na bwawa, ila hii iliandikwa kwa fimbo mavumbini.

Barabarani walibaki nje. Hawakuja kuchimba mtaro wa mabomba hata siku moja. Charles hakumtukana Elieth, hakumsalimia pia. Siku pampu ilipowashwa alituma mjumbe kusema anaumwa. Mwaka uliofuata mama mwingine wa Barabarani alibebwa kwa machela usiku kuelekea Haneti, na hakufika. Elieth alikwenda msibani. Alikaa nyuma kabisa na wanawake waliokuwa wakimenya vitunguu, akamenya nao, na hakuna aliyemwambia neno.

Kisima nacho hakikuwa na raha. Bondeni walisema ng'ombe wanakunywa zaidi kuliko watu, wenye ng'ombe wachangie dizeli zaidi. Mlimani walisema wao wanaondoka kiangazi, kwa nini walipie maji ambayo hawapo kuyanywa. Pampu ilizimika miezi kadhaa, ikawashwa, ikazimika tena. Kila ilipozimika walimwita Elieth, naye alikwenda, kwa baiskeli au kwa lori la chumvi, akasikiliza malalamiko yaleyale. Maji yalitoka zaidi ya yalivyokauka, na zaidi ya hapo asingeweza kudai.

Mwaka 1998 zamu ya kupunguzwa ikamfikia. Alirudi Gulwe kwa mumewe Nikodemo, aliyekuwa ameshapunguzwa kazi ya reli kabla yake. Wakalima ufuta, wakafuga mbuzi.

Nilimtembelea mara moja, nilipokuwa nasafiri kwa treni ya kati kwenda Morogoro. Nikodemo alikuja kunipokea stesheni, akanibebea mzigo. Elieth alikuwa ametandika mkeka upande wa kivuli cha nyumba, maharage jikoni. Tuliongea habari za wenzetu wa kozi, nani amekufa, nani amepata cheo. Nikamwambia Castory ameacha kufundisha, ameajiriwa na shirika linaloandika ripoti.

"Alistahili kupumzika kuegemea ukuta," akasema.

Nikamuuliza kama anajutia kuwaambia watu wa Ng'holongo ukweli, badala ya kupanga mwenyewe na kuondoka.

"Ningepanga mimi, wangepata kisima hichohicho," akasema. "Ugomvi huohuo wa dizeli. Na yule mama angekufa hivyohivyo. Tofauti ni kwamba wangekuwa na mtu mmoja wa kumlaumu." Akajinyoosha mkekani. "Sijui, Kuluthumu. Labda hilo lingewasaidia. Charles angalau angenisalimia, kwa kuwa angedhani ameshindwa kihalali."

Nilipogeuka kumjibu nikakuta ameshapitiwa na usingizi, mkono mmoja chini ya shavu. Nikodemo alikuwa bandani kwa mbuzi. Maharage yalikuwa yanakaribia kukaukia, nikainuka nikayaongezea maji.